Somo la 8: Kuwasemea Wasio na Makao

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mit. 31:8, 9; Lk. 2:1–7; Law. 19:9, 10; Hes. 26:52–56, 27:1–11, Neh. 1:1–4, 2:1–8, Isa. 10:1, 2, 58:6–8.

Fungu la Kukariri: Mithali 31:8, 9.

Anayesafiri kutoka Dar es Salaam kuelekea Mbeya hupita bonde la mibuyu, kisha hufika Ruaha Mbuyuni, kata ya Wilaya ya Kilolo iliyo kando ya Mto Ruaha Mkuu. Hapo ni joto. Mabasi husimama, na vitunguu na nyanya za mashamba ya umwagiliaji hupangwa barabarani. Malori hupumzika kabla ya kuupanda mlima Kitonga. Mahali ambapo magari husimama usiku hapakosi chakula, wala hapakosi kazi ndogo ndogo ya kubeba mzigo. Kwa sababu hiyo hapakosi pia mtu asiye na pa kwenda.

Katika vituo vya namna hii, kutoka Mikumi hadi Tunduma, msafiri aliye macho humwona mtoto aliyelala chini ya meza ya soko na gunia juu ya miguu. Humwona msichana aliyetoka Iringa kwenda mjini kufanya kazi za ndani, akafukuzwa, akapanda basi la kurudi, akaona aibu kufika kwao. Humwona mzee aliyeitwa mchawi na jamaa zake mwenyewe. Mikoa ya Iringa na Njombe imekuwa miongoni mwa mikoa yenye kiwango cha juu zaidi cha maambukizi ya VVU nchini, na yatima wengi walilelewa na bibi ambao nao wamekwisha kufa.

Kanisa linajua kumpa mtu wa namna hii sahani ya chakula. Je, linajua kumsemea mbele ya wale wanaogawa fedha za umma? Hilo ndilo jambo la kujifunza juma hili.


JUMAPILI

Asiyekuwa katika Orodha

Soma Luka 2:1–7. Ni amri gani iliyomfikisha Yusufu Bethlehemu, na familia yake ilipata nini ilipofika?

Luka anaanza habari ya kuzaliwa kwa Yesu kwa kuitaja sensa. Serikali ya Rumi ilitaka kuhesabu watu, na hesabu hiyo ilimtoa mwanamke mjamzito nyumbani kwake akasafiri safari ndefu. Inastaajabisha kwamba serikali iliyokuwa na uwezo wa kumwita kila mtu kwenye mji wake haikuwa na chumba cha kumweka mtu huyo alipoitika. Jina la Yusufu liliandikwa, na mtoto akalazwa horini. Baadaye, akiwa mtu mzima, Yesu alisema kwamba wanyama wa porini wana pa kulala kuliko yeye (Mt. 8:20).

Tanzania ilihesabu watu wake kuanzia usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022, na ikapata watu 61,741,120. Usiku ule makarani walikwenda pia kwenye stendi na sehemu nyingine wanakolala watu wasio na makazi maalumu, ili nao waingie katika hesabu. Lilikuwa jambo jema. Lakini kuhesabiwa ni hatua ya kwanza tu, kwa maana misaada mingi ya serikali hutolewa kwa njia nyingine kabisa: hutolewa kwa kaya.

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianza mwaka 2000. Mpango wake wa kunusuru kaya maskini, ambao kipindi chake cha pili kilizinduliwa mwaka 2020, umewafikia watu wengi walio chini kabisa, na wapo washiriki wa makanisa ya Nyanda za Juu Kusini waliosomesha watoto wao kwa ruzuku hiyo. Utaratibu wake ni wa haki kwa jinsi yake: wanakijiji hukutana, huzitaja kaya zilizo maskini kuliko nyingine, na mkutano huthibitisha majina. Tatizo liko katika neno lenyewe. Kaya ina mlango, ina mkuu wa kaya, ina majirani wanaoweza kusimama mkutanoni na kusema, “Huyu tunamfahamu.” Mtoto anayelala chini ya meza ya vitunguu hana hata kimoja cha hivyo. Alizaliwa kijiji kingine, analala hapa leo, na kesho utingo wa lori anaweza kumchukua hadi Makambako. Hakuna mkutano wa kijiji utakaomtaja.

Hali ni hiyo hiyo kwa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo sheria iliigawa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa kawaida anayeitaka hutakiwa kuwa katika kikundi kilichosajiliwa, na karibu kila mlango wa ofisi hufunguliwa kwa barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Mtendaji huandika barua kwa ajili ya mkazi. Asiye na makao si mkazi wa mtu yeyote.

Kwa hiyo yanayobaki kwa ajili yake ni mafungu machache: fedha za ofisi ya ustawi wa jamii katika halmashauri, makao ya watoto, makazi ya wazee kama yale ya Fungafunga mjini Morogoro, na safari za kuwaunganisha watoto na ndugu zao. Mafungu hayo ni madogo. Yakipunguzwa, anayeumia hana kaya ya kulalamika kwa niaba yake.

Tafakari: Taja mtu mmoja katika eneo la kanisa lako ambaye hayumo katika orodha yoyote ya msaada. Umejuaje kwamba yupo?


JUMATATU

Pembe za Shamba

Soma Walawi 19:9, 10 na Kumbukumbu la Torati 24:19–22. Mwenye shamba aliagizwa kufanya nini, na lini?

Mara nyingi mafungu haya husomwa kama mahubiri juu ya moyo wa kutoa. Yalikuwa sheria ya nchi. Mungu hakusubiri mkulima avune, ajaze ghala, kisha asikie huruma. Alitenga sehemu ya maskini na mgeni shamba likiwa bado limesimama. Pembe hazikuwa mali ya kutolewa sadaka. Mvunaji aliyefyeka hadi mpakani alikuwa amekula cha mwingine. Ruthu, mgeni na mjane, hakwenda kwa Boazi kuomba. Alikwenda kuokota mahali ambapo sheria ilikuwa imemwachia nafasi, na wema wa Boazi ukaongezeka juu ya sheria hiyo.

Wakulima wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni wanaelewa jambo hili bila kufafanuliwa. Baada ya mavuno, akina mama huingia shambani kuokota vilivyosalia. Mwenye shamba akipitisha watu wake mara ya pili kuokota hadi vile vidogo, hakuna polisi atakayemkamata. Kila mtu ataona tu kwamba mwaka huu akina mama wamerudi na ndoo tupu. Ndivyo fungu la bajeti linavyopunguzwa: kimya kimya, na sheria ikibaki vile vile kitabuni.

Zingatia jinsi sheria za Tanzania zilivyo nzuri katika jambo hili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaipa kila mamlaka ya serikali ya mtaa wajibu wa kulinda ustawi wa watoto walio katika eneo lake, na haisemi watoto wa wakazi peke yao. Sera ya Taifa ya Wazee imekuwapo tangu mwaka 2003. Katiba, katika ibara ya 11, inaitaka nchi iweke utaratibu wa kumsaidia mtu wakati wa uzee, maradhi na hali nyingine za kutojiweza. Lakini ibara ya 7 inasema wazi kwamba masharti ya sehemu hiyo ya Katiba hayawezi kudaiwa mahakamani. Mzee aliyefukuzwa kwake hawezi kuishitaki serikali kwa kukosa kitanda. Njia iliyoachwa ni ya kuzungumza na wale wanaopanga na kupitisha matumizi, na mzee huyo hana nauli ya kwenda kuzungumza nao.

Afisa ustawi wa jamii mwenye sheria nzuri mezani na pikipiki isiyo na mafuta hamfikii mtoto. Pembe za shamba zimeandikwa, zikavunwa.

Tafakari: Kuna tofauti gani kati ya kumpa maskini kwa huruma na kumwachia kilicho chake? Yakobo 5:4 inaongeza nini?


JUMANNE

Mabinti Watano Mlangoni pa Hema

Soma Hesabu 26:52–56, kisha 27:1–11. Mabinti wa Selofehadi walisimama mbele ya nani? Walikuja kabla au baada ya nchi kugawanywa?

Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirza walikuwa wamefiwa na baba asiye na mwana wa kiume. Kwa desturi ya wakati ule, jina la nyumba yao lingefutika, nao wangeingia Kanaani bila kipande cha ardhi. Wangekuwa wageni katika nchi ya ahadi.

Walilofanya linastahili kuangaliwa polepole. Hawakwenda kwa jamaa mmoja mwenye moyo mwema kumwomba awahifadhi, ingawa bila shaka wangempata. Walikwenda mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, Eleazari kuhani, wakuu na mkutano wote. Walisema habari za baba yao bila kumpamba: walikiri kwamba alikufa kwa dhambi yake, lakini hakuwa katika uasi wa Kora. Walieleza hasara itakayotokea. Kisha wakataja wanachokitaka, nacho kilikuwa kitu kimoja, urithi kati ya ndugu za baba yao.

Musa hakuwa na jibu. Sheria iliyokuwapo haikuwaona watu wa namna hii. Aliipeleka hoja kwa Mungu, na Mungu akasema kwamba wanawake hao wana haki. Kisha akatoa sheria kwa Israeli wote, hata kwa mabinti ambao hawakuwa wamezaliwa bado. Ni mara chache katika Maandiko Mungu anapoonekana akiikubali hoja ya raia na kuifanya kuwa kanuni ya taifa.

Sasa tazama wakati. Sura ya 26 ni sensa. Mwishoni mwa sensa hiyo Mungu anaagiza kwamba nchi igawanywe kwa kadiri ya hesabu ya majina. Sura ya 27 ndipo mabinti wanapokuja. Watu wamekwisha kuhesabiwa, lakini mashamba hayajagawanywa. Wangekuja miaka kumi baadaye, mipaka ingekuwa imewekwa, nao wangehitaji kumnyang'anya mtu mwingine shamba ili wapate lao. Walikuja katikati ya hesabu na mgawanyo, na hapo ndipo neno la raia lina nguvu kuliko wakati mwingine wowote.

Wakristo wengi wa Tanzania hukosea hapa, tena kwa nia njema. Husikia bungeni, mwezi Mei au Juni, kwamba fungu fulani ni dogo, nao huanza kuhuzunika. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mkutano wa Bunge la bajeti huanza Dodoma mwezi Aprili, na wakati huo vitabu vya makadirio vimekwisha kuandaliwa. Tena ibara ya 99 ya Katiba hairuhusu Bunge lenyewe kuongeza matumizi ambayo hayakupendekezwa na Rais kupitia kwa waziri, linaweza kupunguza. Mbunge mwenye bidii atahoji, na katika kamati ya matumizi anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri mpaka apate maelezo. Hilo si dogo, maana waziri aliyeshikiwa shilingi mbele ya taifa hujibu kwa uangalifu. Lakini mipaka ya mashamba imekaribia kuwekwa.

Mlango ulio wazi zaidi uko karibu zaidi, na uko mapema zaidi. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake, unatakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Vipaumbele vya kijiji hupanda kwenye kamati ya maendeleo ya kata, kisha kwenye baraza la madiwani la halmashauri, ambalo hupitisha mpango na bajeti kabla ya kwenda ngazi za juu. Kwa mshiriki wa Ruaha Mbuyuni safari hiyo ni kutoka kijijini hadi kata, hadi Halmashauri ya Wilaya ya Kilolo, na ndipo Dodoma. Mkutano wa kijiji huzungumzia barabara, zahanati, madawati, mifereji ya maji. Ni haki. Lakini kwa kawaida hakuna anayesimama kusema, “Na wale wanaolala sokoni?” Mikutano hiyo mara nyingi haifanyiki Sabato. Muumini asiyehudhuria hana budi kutafuta sababu nyingine.

Tafakari: Mabinti wa Selofehadi walijisemea wenyewe. Mithali 31:8, 9 inazungumzia watu wasioweza kujisemea. Anayemsemea mwingine ana hatari gani ambazo mabinti hawa hawakuwa nazo? Kabla ya kusimama mkutanoni, je, umemwuliza anayelala sokoni anataka nini?


JUMATANO

Nehemia Alikwenda na Hesabu

Soma Nehemia 1:1–4 na 2:1–8. Orodhesha vitu ambavyo Nehemia alimwomba mfalme.

Nehemia alisikia habari za Yerusalemu mwezi wa Kisleu. Alisema na mfalme mwezi wa Nisani, miezi minne baadaye. Katikati alifunga na kuomba. Inaonekana kwamba pia alipiga hesabu, kwa sababu mfalme alipomwuliza anataka nini, hakusita. Aliomba ruhusa ya kwenda, akataja muda wa safari. Aliomba nyaraka kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto. Aliomba barua kwa Asafu, aliyetunza msitu wa mfalme, apewe miti. Akaeleza miti hiyo ni ya kazi zipi. Alijua jina la mwenye stoo.

Linganisha na barua nyingi ambazo viongozi hupokea kutoka makanisani. Nusu ya kwanza ni salamu, robo ni pongezi, na mwisho kuna ombi la “kuwaangalia wenye shida”. Diwani akiisoma barua hiyo atashukuru, ataiweka kwenye faili, na hatakuwa na kosa, kwa maana hakuombwa kitu.

Barua ya namna ya Nehemia ingesema: katika stendi yetu, kwa usiku mitatu tuliyotembelea, tulikuta watoto kadhaa wa umri huu, afisa ustawi wa jamii ameshindwa kuwarudisha kwa ndugu zao kwa kukosa nauli na mafuta, tunaomba fedha za kazi hiyo zilizo katika bajeti ya halmashauri zisihamishiwe matumizi mengine, na tunaomba taarifa ya robo mwaka ya kiasi kilichotolewa. Kupitishwa kwa fedha ni jambo moja na kutolewa kwake ni jambo lingine. Fungu linaweza kupita bungeni kwa makofi na lisifike wilayani. (Neno “fungu” linatumika katika Biblia na katika vitabu vya bajeti. Waadventista husifika kwa kuyajua ya kwanza kwa kichwa.)

Mfano mmoja wa mbali unasaidia. Mwezi Machi 1987, baadhi ya wabunge wa Marekani walilala nje usiku wa baridi mjini Washington pamoja na watu wasio na makazi na watetezi wao. Mwezi Julai mwaka huo huo Rais Ronald Reagan alitia sahihi sheria ya kwanza kubwa ya serikali kuu ya nchi hiyo ya kuwasaidia wasio na makazi. Hata hivyo, fedha za sheria hiyo hazikuja mara moja kwa milele. Huombwa na kupitishwa upya katika bajeti, na kila mara watetezi wanalazimika kurudi. Na mwanzoni mwa mwaka 2025, serikali hiyo hiyo iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya watoto yatima katika Afrika Mashariki ilisimama. Jambo hilo linaonyesha kwa nini fedha ya ndani, hata ikiwa kidogo, inafaa kulindwa: Mtanzania anaweza kumwuliza diwani wake, lakini hana wa kumwuliza Washington.

Tafakari: Nehemia aliomba dua fupi kati ya swali la mfalme na jibu lake (Neh. 2:4). Maombi na maandalizi vilisaidianaje?


ALHAMISI

Je, Hii si Siasa?

Soma Isaya 10:1, 2. Yeremia 29:7 na Mathayo 22:21. Nabii anaelekeza ole yake kwa nani?

Swali hili huulizwa katika kila darasa, na wanaouliza wana sababu. Waadventista hutenganisha kanisa na dola. Ellen G. White aliwaonya watumishi na walimu wasijifunge katika vyama vya siasa wala kuleta mabishano ya vyama kanisani. Mimbari inayomnadi mgombea imeacha kazi yake. Onyo hilo halijachakaa.

Lakini waanzilishi wale wale hawakunyamaza juu ya sheria. Mwaka 1881, katika mkutano wa makambi huko Des Moines, Iowa, Ellen White aliunga mkono waumini kupiga kura dhidi ya pombe. Desemba 13, 1888, mhubiri A. T. Jones alisimama mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani kupinga muswada wa Seneta Blair wa kulazimisha pumziko la Jumapili, na muswada huo haukupita. Waadventista husimulia habari ya Jones kwa fahari. Ni vigumu kueleza kwa nini ni halali kwenda mbele ya wabunge Sabato inapotishiwa, na si halali maskini anapotishiwa, wakati Isaya 58 inayaweka mambo yote mawili katika sura moja.

Kanisa la ulimwengu limekwisha kusema. Julai 5, 1990, katika kikao cha Konferensi Kuu mjini Indianapolis, rais wake Neal C. Wilson alitoa tamko juu ya kukosa makazi na umaskini. Tamko jingine la mwaka 2010 juu ya umaskini duniani lilieleza kwamba kupunguza umaskini ni pamoja na kutetea sera za umma zenye haki kwa maskini. Mshiriki anayemwandikia mbunge kuhusu makazi ya wazee hajaasi mafundisho ya kanisa lake.

Kuna mipaka ya kuangalia. Anayeomba fungu la ustawi lisipunguzwe amwombe diwani wa chama chochote kwa maneno yale yale. Asitie sahihi ya mtu asiyejua kilichoandikwa. Asitumie picha ya uso wa mtoto wa mitaani ili barua yake ivutie. Na kanisa linaloomba fedha kwa ajili ya kituo chake lenyewe liseme hivyo waziwazi, kwa maana kujiombea si sawa na kumsemea mwingine.

Kisha soma Isaya 58:7 kwa makini. Nabii hasemi maskini waliotupwa nje wapelekwe kwa serikali. Anasema waletwe nyumbani kwako. Hapa ndipo barua kwa mbunge inaweza kuwa maficho. Ni rahisi kutia sahihi kisha kupita stendi ukiwa umefunga kioo cha gari. Kiongozi wa serikali aliyekaa muda mrefu katika kazi yake humtambua upesi mtu anayezungumza habari za wasio na makao bila kumjua hata mmoja kwa jina. Mama wa Dorkasi ambaye amepeleka uji sokoni kila Jumapili asubuhi kwa mwaka mzima, akisimama kwenye mkutano wa kijiji, husikilizwa bila kupandisha sauti.

Upande wa pili nao una makosa yake. Wapo wanaosema uji unatosha, na kwamba mengine aachiwe Bwana atakaporudi. Uji haumrudishi mtoto kwa shangazi yake Ludewa. Unamfikisha Jumatatu.

Tafakari: Je, kanisa lako limeelemea upande gani, uji au barua? Ni nini kimelifanya lielemee huko?


IJUMAA

Jifunze Zaidi: Soma Ellen G. White, Huduma ya Uponyaji, sura inayohusu msaada kwa wasio na kazi na wasio na makao. Kitabu hicho kilitolewa mwaka 1905. Angalia jinsi mwandishi anavyoanzia kwenye sheria za Israeli juu ya ardhi kabla ya kuzungumzia msaada wa mtu mmoja mmoja, na jinsi anavyosisitiza kazi na mafunzo badala ya kumzoeza mtu kupokea tu. Soma pia Esta 4:10–16 na Mathayo 25:31–46.

Katika Mathayo 25 walio mkono wa kuume wanashangaa. Hawakujua kwamba mgeni waliyemkaribisha alikuwa Bwana. Walio mkono wa kushoto nao wanashangaa, na mshangao wao ni wa aina ile ile: hawakumwona. Hakuna kundi lililomkataa Kristo kwa kujua. Tofauti yao ilikuwa mtu aliyekuwa mbele yao, mwenye njaa, mgeni, uchi, ambaye kundi moja lilimwona na jingine likapita.

Maswali ya Kujadili

1. Sheria ya pembe za shamba ilimtaja mgeni pamoja na maskini na yatima. Kwa nini mgeni? Mkutano wa kijiji ungejibuje mtu akisema, “Hao si watoto wetu, wametoka wilaya nyingine”?

2. Mshiriki mmoja anasema fedha za umma huibiwa, hivyo ni bora kanisa likusanye sadaka na kusaidia lenyewe. Mwingine anasema kodi aliyolipa ni sadaka tosha. Kila mmoja amekosea wapi, na kila mmoja ana ukweli gani?

3. Kama darasa lenu lingeandika barua moja kwa diwani kabla ya baraza kupitisha bajeti ijayo, mngeomba kitu gani kimoja? Nani katika darasa anajua idadi? Kama hakuna anayejua, mnahitaji kutembelea wapi, na usiku gani?

4. Fikirieni kanisa dogo kando ya barabara kuu. Mtoto wa miaka kumi na mmoja amelala barazani kwake tangu Jumatano. Afisa ustawi wa jamii amesema kwa simu kwamba atakuja juma lijalo akipata usafiri. Wazee wa kanisa wana funguo za chumba cha Shule ya Sabato ya watoto, wana sadaka kidogo, na wana namba ya simu ya diwani. Baadhi wanaogopa kulaumiwa na serikali wakimlaza mtoto asiye wao. Wengine wanaogopa watakuja wengi. Leo ni Ijumaa, na jua linakaribia kuzama. Wafanye nini kwanza, na wafanye nini Jumapili?